Daftari la Viboko: Kwa Nini Wanafunzi wa Sola Waandike Mkataba Wao

Wapo wanaodai kwamba wanafunzi wa shule ya Sola wakiachiwa waandike mkataba wao wa haki, nidhamu itakufa na mwalimu atabaki kupiga kelele. Wengine, wenye nia njema zaidi, wanaona kazi imekwisha: Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Mtoto wa Sola aandike nini tena ambacho Bunge halijapitisha? Nazipinga hoja zote mbili, na ushahidi wangu mkuu ni daftari.

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, Tangazo la Serikali Na. 294, zinaweka ukomo wa viboko vinne. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Kila adhabu huandikwa katika daftari maalumu: jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko, jina la aliyechapa, kisha mkuu wa shule hutia saini. Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri. Lakini yule anayeandikwa humo hakupewa nafasi ya kusoma alivyoandikwa. Mwanafunzi aliyechapwa viboko sita mstarini na mwalimu wa zamu hana pa kushika, kwa kuwa huenda hajui hata kwamba daftari hilo linatakiwa kuwapo. Haki yake imo sheriani, ila hakuna mlango wa kuifikia.

Linganisha na karatasi anayoijua vizuri. Anapojiunga na kidato cha kwanza hupewa fomu ya maelekezo: sare, jembe, fagio, rimu ya karatasi, halafu sheria za shule pamoja na makosa na adhabu zake. Mzazi anasaini, mtoto anasaini. Shule inaahidi nini? Mara nyingi hakuna mstari wa ahadi hiyo.

Hapa ndipo inapopwaya hoja ya wanaohofia nidhamu, wanaosema mtoto akumbushwe kwanza wajibu wake. Ni kweli kwamba ibara ya 31 ya Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 inamtaka mtoto awaheshimu wazazi na wakubwa zake, na mimi naikubali kwa moyo wote. Ila wajibu wa mwanafunzi umekwisha kuandikwa na kusainiwa. Upande wa pili ndio mtupu.

Wala wazo hili si la kuletwa na wageni. Katika *Elimu ya Kujitegemea* ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shule zao. Zamani zaidi, vijana wa Kisukuma walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, waliyemchagua wenyewe, na mwenye shamba aliyehitaji nguvu zao alipitia kwake. Na mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mradi wa Tuseme, ambao Penina Mlama alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Wasichana wa sekondari walichunguza wenyewe yanayowakwamisha, wakayaigiza mbele ya walimu, kisha wakapanga hatua za kuchukua. Napenda sana jambo hilo la kuanza na yanayouma kabla ya kufika kwenye vifungu. Mkataba utakaonakiliwa kutoka bango la ukutani hautakuwa wao. Na uandikwe kwa Kiswahili, hata kama masomo ni kwa Kiingereza, maana mtoto anayetafuta neno la kigeni huishia kunyamaza.

Walimu watasema wana madarasa yaliyofurika na muda hautoshi. Ni kweli, ndiyo maana sipendekezi kitabu. Ukurasa mmoja unatosha, na kila kifungu kitaje nani atajibu na ndani ya siku ngapi. Cha kwanza ningetamani kiseme hivi: aliyeadhibiwa asomewe alivyoandikwa, naye aweke saini au pingamizi lake kabla mkuu wa shule hajatia yake.

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, nami natamani tufike huko. Kifungu hiki hakitatufikisha. Hata hivyo naamini viboko vitapungua siku ile mwalimu atakapojua kwamba mtoto aliyesimama mbele yake atapewa kalamu.