Mpaka Ulifungwa kwa Siku Moja, Ukalipiwa kwa Miaka

Wapendwa, kuna neno tunalisema haraka sana: "Hatuna uwezo." Nyumba husema hivyo, na serikali husema hivyo. Mara nyingi ni kweli. Lakini historia ya nchi zetu inatufundisha kuuliza swali la pili: na kuachana, je, tunakumudu?

Tarehe 6 Juni 1967, mjini Kampala, Kenya, Uganda na Tanzania zilitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Makao makuu yakawa Arusha. Mali ilikuwa ya pamoja: ndege na reli zikiongozwa kutoka Nairobi, bandari kutoka Dar es Salaam, posta na simu kutoka Kampala.

Sasa ugomvi ulianzia wapi? Kwenye hesabu. Viwanda vingi vilikuwa Kenya, kwa hiyo Kenya iliwauzia wenzake kuliko ilivyonunua kwao. Uganda na Tanzania zikasema zinamnenepesha jirani. Kenya nayo ikalalamika kwamba fedha za mashirika, hasa za reli, hazifiki makao makuu. Kila mmoja alikuwa na daftari lake, na katika kila daftari mwenye daftari ndiye aliyedhulumiwa.

Tena lilikuwepo jambo lisilopimwa kwa shilingi. Januari 1971 Idi Amin alipindua serikali ya Uganda. Mwalimu Nyerere akakataa kuketi naye meza moja, na kikao cha marais watatu hakikufanyika tena. Wapo wanaosema kile kilikuwa kiburi tu. Mimi sikubaliani nao. Kuna amani ya bei rahisi ambayo jamii haiwezi kuimudu, ile ya kunyamaza watu wakiuawa. Lakini hata jambo la haki lina bei yake, na tusiifiche.

Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege la pamoja likafa, Kenya ikaanzisha lake. Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Kufikia katikati ya mwaka Jumuiya ilikuwa imekwisha.

Hebu tuone nani alilipa. Malori ya Kenya yaliyokuwa yakipita Tanzania kwenda Zambia yakakosa njia. Tanzania ilitumaini watalii watashukia Kilimanjaro, lakini wengi walizoea kupitia Nairobi, na hotele za kaskazini zikaona upungufu. Wamaasai wa Namanga na Wakuria wa Sirari na Isebania, ndugu wa damu, wakabaki kutembeleana kwa njia za panya.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera. Sisemi vita ile ililetwa na kuvunjika kwa Jumuiya, ila iliwakuta majirani hawasemezani. Kampala ilipoanguka Aprili 1979, Mwalimu aliwaambia wananchi wafunge mkanda miezi 18. Miezi ikapita, mkanda haukulegea. Miaka ya mwanzo ya 1980 sabuni na sukari zilitafutwa kwa foleni.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Mei 1984, huko huko Arusha, nchi tatu zikasaini mgawanyo wa mali na madeni, baada ya msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, kuhangaika na hesabu zile kwa miaka. Kuvunja kulichukua miezi. Kugawana vipande kulichukua miaka. Na katika mapatano yale yale ya kugawana waliacha nafasi ya kutafuta ushirikiano upya. Mkataba mpya ulisainiwa tarehe 30 Novemba 1999. Hesabu mwenyewe: miaka 22.

Luka 14 inamtaja mtu wa mnara anayeketi kwanza kupiga hesabu. Tulio wengi tunapiga hesabu ya kujenga tu, ya kubomoa tunaisahau. Kwa hiyo ndugu, iwe nyumbani, kazini au kati ya nchi na nchi, kabla ya kutamka "hatuna uwezo wa kuwa pamoja," tuyalete madaftari yote juu ya meza moja, tuyasome kwa sauti, kila mmoja asikie la mwenzake. Watangulizi wetu waliyasoma kila mtu kwao, nasi tumeona bili yake.