Fahamu: Utendaji wa Mwili na Ulemavu Baada ya Upasuaji wa Mgongo wa Chini

Upasuaji wa uti wa mgongo sehemu ya kiuno hufanyika pale maumivu, ganzi au udhaifu wa miguu unapoendelea licha ya dawa na mazoezi tiba, au mishipa ya fahamu inapokuwa hatarini. Nchini Tanzania, huduma hiyo hutolewa na hospitali kadhaa, ikiwemo Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam. Mafanikio yake hayapimwi kwa kupona kwa kidonda pekee, bali kwa kazi ambazo mgonjwa anaweza kuzifanya arejeapo nyumbani.

Kinachofanyika

Kiuno kina pingili 5, na kati ya pingili na pingili ipo diski inayopunguza mshtuko. Diski ikichomoza, au mfereji wa uti wa mgongo ukiwa mwembamba, mishipa ya fahamu inayoelekea miguuni hubanwa. Daktari huondoa kinachobana. Pingili zisipokuwa imara, huziunganisha kwa skrubu na vyuma.

Kwa kawaida maumivu ya mguu hupungua mapema kuliko ya mgongo. Ganzi na udhaifu huweza kuchukua miezi, kwa kuwa mshipa wa fahamu hupona polepole, na wakati mwingine haviishi kabisa. Mgonjwa asiyeelezwa hivyo huweza kudhani upasuaji umeshindikana.

Jinsi ulemavu unavyopimwa

Kipimo kinachotumika sana duniani ni cha Oswestry, kilichochapishwa nchini Uingereza mwaka 1980. Kina vipengele 10, vikiwemo kujihudumia, kunyanyua vitu, kutembea, kukaa, kusimama, kulala na kusafiri. Kila kipengele hupewa alama 0 hadi 5, kisha jumla hugeuzwa kuwa asilimia. Asilimia 0 hadi 20 ni ulemavu mdogo, 21 hadi 40 ni wa wastani, na 41 hadi 60 ni mkubwa. Zaidi ya hapo maisha ya kila siku huathirika vibaya.

Kwa mfano, mgonjwa aliyepata alama 28 kati ya 50 kabla ya upasuaji ana asilimia 56. Akishuka hadi alama 14 baada ya matibabu, atakuwa na asilimia 28. Bado ana maumivu, lakini amepata nafuu kubwa.

Utengamao

Wagonjwa wengi huhimizwa kutembea siku ya upasuaji au inayofuata. Kulala muda mrefu kwa hofu hudhoofisha misuli na kuongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Hata hivyo, katika wiki za mwanzo mgonjwa hujizuia kuinama, kujipinda na kunyanyua mizigo, kama vile ndoo ya maji. Aliyeunganishwa pingili husubiri zaidi, na uvutaji wa sigara huchelewesha mifupa kuungana.

Muda wa kurejea kazini hutegemea aina ya upasuaji na ya kazi. Karani huweza kurudi mapema kuliko mkulima, mbeba mizigo au dereva wa bodaboda. Ni vyema mgonjwa aeleze kazi yake halisi kwa daktari na mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kuruhusiwa.

Dalili za hatari

Mgonjwa anapaswa kurudi hospitalini mara moja akipata mojawapo ya dalili hizi:

- kushindwa kukojoa, au kushindwa kuzuia haja ndogo au kubwa;
- ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja;
- udhaifu wa miguu unaoongezeka;
- homa, au kidonda kutoa usaha au majimaji;
- mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kupumua kwa shida.

Haki za mgonjwa

Mwajiriwa aliyeumia mgongo kutokana na kazi anaweza kuwasilisha madai katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ambao mafao yake yanajumuisha matibabu, utengamao na fidia ya ulemavu. Aliyebaki na ulemavu wa kudumu analindwa dhidi ya ubaguzi katika ajira na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010.