GPG: Kufuli ya kugawa, ufunguo wa kuficha

Leo nawaandikia kutoka Gakindu, Mukurweini, Kaunti ya Nyeri, ambako kazi imenileta. Marehemu baba alituachia shamba huko Pwani, na karatasi za mirathi tunazishughulikia mimi na mpwa wangu aliyeko Maskati. Nakala za vitambulisho na hati ya shamba si vitu vya kutumiana hivi hivi kwa baruapepe. Zikimfikia tapeli, tutajuta. Ndiyo maana twatumia GPG.

GPG ni programu ya bure ya kusimba, yaani kugeuza faili iwe fumbo asiloweza kulisoma ila aliyekusudiwa. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 1999, kazi ya Werner Koch wa Ujerumani, kwa kufuata njia ya PGP aliyoitoa Phil Zimmermann huko Marekani mwaka 1991. Kompyuta nyingi za Linux huja nayo. Wa Windows hupakua Gpg4win. Amri zake huandikwa kwa mkono.

Kila mtu huwa na funguo mbili. Ufunguo wa umma ni kama kufuli iliyo wazi: wagawie watu, kila mwenye nayo aweza kukufungia kasha. Ufunguo wa siri ndio pekee ufunguao kasha hilo, na huo haupewi mtu.

Kutengeneza funguo zako:
gpg --full-generate-key

Kutoa ufunguo wa umma umpelekee mwenzio (weka anwani yako):
gpg --armor --export ANWANI > wangu.asc

Kuupokea wa mwenzio:
gpg --import wake.asc

Kumfungia faili:
gpg --encrypt --recipient ANWANI hati.pdf

Kufungua uliyoletewa:
gpg --output hati.pdf --decrypt hati.pdf.gpg

Kumbuka kichwa cha baruapepe hakisimbwi, basi usiandike siri hapo.

Kusimba ni rahisi. Kazi iko kwenye kutunza funguo. Yeyote aweza kutengeneza ufunguo akauandika jina la mpwa wangu. Kwa hivyo kabla ya kuutumia, andika gpg --fingerprint, utapata alama ya ufunguo, kwa kawaida herufi na tarakimu 40. Mpigie mwenyewe simu, sauti unayoijua, msomeane zote. Ikitofautiana hata moja, usitume.

Kosa langu mimi lilikuwa jingine. Kompyuta yangu ya kwanza ilikufa na ufunguo wa siri ukiwa humo, wala sikuwa na nakala. Mpwa wangu, bila kujua, akaendelea kunifungia karatasi kwa ufunguo ule ule wa zamani. "Mjomba, umesoma?" Nisome nini, na kasha halifunguki? Karatasi za wiki nzima ikabidi azitume upya. Wala sikuweza kuwatangazia watu kuwa ufunguo umekufa, maanake tangazo hilo nalo hutengenezwa kwa ufunguo wa siri ungali mkononi.

Basi siku ile ile utengenezapo funguo, fanya haya matatu. Kwanza, nakili ufunguo wa siri kwenye flashi uihifadhi mahali salama:
gpg --armor --export-secret-keys ANWANI > siri.asc

Pili, tengeneza cheti cha kubatilisha, nacho ukifiche:
gpg --output batili.asc --gen-revoke ANWANI

Ufunguo ukipotea au ukiibwa, ingiza cheti hicho kwa --import, kisha uwapelekee watu ufunguo wa umma uliokwisha batilishwa. Tatu, weka muda wa kuisha, mwaka mmoja au miwili. Waweza kuuongeza kabla haujafika.

Na neno la siri la ufunguo usilisahau. Hakuna ofisi ya kwenda kuomba lingine. Ukilisahau, na karatasi za mirathi zimekwenda.