Nani Aliionyesha Nyumba? Historia ya Uwasilishaji wa Hati za Wito katika Migogoro ya Nyumba na Ardhi: Mfano wa Sapiwi, Bariadi

Historia ya migogoro ya nyumba na ardhi nchini Tanzania huandikwa zaidi kwa kufuata hukumu. Insha hii inaanzia hatua ya awali, yaani kumfikishia mdaiwa hati ya wito. Hoja yake ni kwamba katika vijiji kama vya Sapiwi, ambako nyumba hutambuliwa kwa jina la mwenye kaya, uhalali wa hukumu umetegemea mtu anayeijua nyumba hiyo. Sheria iliyoandikwa haikumwondoa mtu huyo. Ilimgeuza kuwa shahidi.

Wakati wa utawala wa Waingereza, mahakama za serikali ya Tanganyika zilifuata Sheria ya Mwenendo wa Madai ya India ya mwaka 1908. Mabaraza ya wenyeji, yaliyoongozwa na watemi huko Usukumani, yalikuwa na utaratibu wake, na banangwa, wakuu wa vijiji, ndio waliokuwa kiungo kati ya mtemi na kaya. Mamlaka ya kisheria ya machifu yalipofutwa mwaka 1963, kiungo hicho kilipoteza nguvu yake rasmi.

Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966 ilirithi masharti ya India. Mdaiwa apewe hati mkononi. Asipopatikana, apewe mtu mzima wa familia anayeishi naye, wala si mtumishi. Ikishindikana, nakala ibandikwe mlangoni. Anayeibandika hutakiwa kumtaja aliyemwonyesha nyumba na aliyeshuhudia. Katika kitongoji, mwenyekiti ndiye mwenye nafasi nzuri ya kutoa ushahidi huo.

Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 iliunda Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya, ambayo huitumia Sheria ya 1966 pale kanuni zake zisipojitosheleza. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata limebaki na usuluhishi tu. Hivyo mwanakijiji ambaye mgogoro wake haukusuluhishwa hukabiliwa moja kwa moja na utaratibu wa maandishi.

Athari zake si ndogo. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inalinda haki ya kusikilizwa. Asiyefikiwa na wito aweza kupoteza nyumba kwa hukumu ya upande mmoja. Naye aliyeshinda aweza kuona hukumu hiyo ikitenguliwa na shauri kuanza upya. Tangazo la gazetini, ambalo sheria hulikubali kama njia mbadala, haliwi msaada mkubwa kwa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Katavi na ng'ombe wake.

Kwa hiyo, hati ya kiapo ya msambaza nyaraka inastahili kusomwa na mwanahistoria kwa makini sawa na hukumu. Ndani yake hubainika kama mdaiwa aliitwa kweli, na ni jirani gani aliyeaminiwa kusema: hii ndiyo nyumba yake.