Vitabu Kutoka Mkono hadi Mkono

Mtume Paulo alipokuwa kifungoni, akijua kwamba siku zake zimekaribia mwisho, alimwandikia Timotheo waraka wa pili. Kuelekea mwisho wa waraka huo anaagiza vitu vya kawaida kabisa: joho alilomwachia Karpo huko Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Mzee anangojea kifo, lakini bado anataka kusoma. Na hana namna ya kuvipata vitabu hivyo isipokuwa mwenzake amletee.

Nimehubiri waraka huo mara nyingi bila kulitilia maanani jambo hili la mwisho. Siku hizi nalitazama tena, kwa sababu historia ya kanisa imejaa mambo kama hayo. Mtu anasoma au anasomewa, anaguswa, anamwendea mwenzake. Tufuate mfano mmoja au miwili.

Tuanze Misri. Kijana mmoja aitwaye Antonio aliingia kanisani akasikia Injili ikisomwa, pale Bwana Yesu anapomwambia tajiri auze alivyo navyo na kuwapa maskini. Antonio alilipokea neno lile kana kwamba limesomwa kwa ajili yake peke yake. Akagawa mali yake, na baadaye akaenda kuishi jangwani. Alifariki mwaka 356. Athanasio, Askofu wa Aleksandria, akaandika habari za maisha yake kwa Kigiriki. Kitabu hicho kikatafsiriwa kwa Kilatini, kikavuka bahari hadi Ulaya.

Sasa twende Trier, mji ulioko leo nchini Ujerumani. Siku moja Kaisari alikuwa akitazama michezo, na maofisa wake wanne wakatoka kutembea bustanini. Wawili kati yao waliingia katika nyumba ndogo ya watumishi wa Mungu, wakakikuta humo kitabu cha maisha ya Antonio. Mmoja akaanza kukisoma, na alipokuwa akisoma moyo wake ukageuka. Akamweleza rafiki yake aliyekuwa karibu naye. Wote wawili wakaacha kazi ya serikali, wakabaki palepale. Wenzao wawili walirudi ikulu wakilia. Mmoja wa hao waliorudi aliitwa Ponticianus.

Mwaka 386 Ponticianus alikuwa Milano, nchini Italia. Alikwenda kumtembelea Mwafrika mwenzake, Augustino, mwenye umri wa miaka 31, mwalimu aliyesifika kwa ufasaha wa kusema. Juu ya meza ya michezo aliona kitabu. Akakifungua, akidhani ni kitabu cha masomo ya darasani, kumbe ni nyaraka za Paulo. Alifurahi, maana yeye alikuwa Mkristo. Mazungumzo yakaanzia hapo: akamsimulia Augustino na rafiki yake Alypius habari za Antonio, na habari za wale wawili wa Trier. Augustino na Alypius hawakuwa wamewahi kusikia habari hizo.

Kilichofuata wengi wetu tunakijua. Augustino alikwenda bustanini akilia, akasikia sauti ya mtoto ikiimba, ikimwambia achukue kitabu asome. Akafungua Warumi, akasoma maneno ya sura ya 13 yanayotuita tuache ulevi na ufisadi na kumvaa Kristo. Lakini tunasahau mara nyingi kilichotokea dakika ile baada ya hapo. Augustino alitia alama kwenye ukurasa, akamweleza Alypius. Alypius akaomba aonyeshwe aliposoma mwenzake, naye akaendelea kusoma mbele kidogo. Akakutana na neno la kumkaribisha aliye dhaifu wa imani, akasema kwamba hilo ni lake. Mstari mmoja ulikuwa wa Augustino, na uliofuata ulikuwa wa rafiki yake. Wakaingia ndani pamoja kumpa habari mama yake, Monika. Pasaka ya mwaka 387 wote wawili walibatizwa na Askofu Ambrosio.

Zaidi ya miaka 1,000 baadaye, mtawa wa shirika lililobeba jina la Augustino alikuwa akihangaika na waraka uleule wa Warumi. Huyo ni Martin Luther. Mwaka 1522 alipotoa Agano Jipya kwa Kijerumani, aliuandikia Warumi dibaji ndefu, ili mtu wa kawaida aelewe maana ya sheria, dhambi, neema na imani. Aliandika pia ufafanuzi wa Wagalatia.

Huko Uingereza, katika karne ya 17, ufafanuzi huo wa Wagalatia ulimfikia John Bunyan, fundi wa kuziba masufuria. Alikuwa maskini; mke wake alipoolewa alileta vitabu viwili tu alivyoachiwa na baba yake. Kwa muda mrefu Bunyan aliteswa na wazo kwamba Mungu amemkataa. Nakala ya Luther aliyoipata ilikuwa imechakaa hata kurasa zikakaribia kuachana, lakini aliona humo hali ya moyo wake mwenyewe. Alishuhudia kwamba, ukiacha Biblia, hakuna kitabu alichokipenda kuliko hicho kwa ajili ya dhamiri iliyojeruhiwa. Naye mwaka 1678 akatupatia kitabu ambacho wazee wetu walikisoma kwa jina la Safari ya Msafiri.

Tarehe 17 Mei 1738, jijini London, William Holland alimpelekea Charles Wesley kitabu hichohicho cha Wagalatia, wakakisoma pamoja. Wiki moja baadaye, tarehe 24 Mei, ndugu yake John alikwenda kwenye kikundi kidogo katika mtaa wa Aldersgate, tena bila kupenda. Mtu mmoja alikuwa akisoma kwa sauti dibaji ya Luther ya Warumi. Yapata saa tatu kasorobo usiku John aliona moyo wake ukipata joto, akajua kwamba anamtumainia Kristo peke yake. Luther alikuwa amekufa miaka 192 iliyopita. Jina la aliyekuwa akisoma John hakuliandika.

Ndugu msomaji, sasa nikiri jambo. Nilipokuwa chuo cha theolojia, wanafunzi wanne tulisoma nakala moja ya Maungamo ya Augustino kwa zamu, na usiku tulibishana juu yake. Nilipopewa usharika nilinunua kabati la vioo, nikapanga vitabu vyangu, nikafunga kwa ufunguo. Mama mmoja aliyefiwa na mumewe alinijia akiamini kwamba Mungu amemkataa. Aliniuliza kama nina kitu cha kusoma. Nilimwombea, nikamwambia asome Zaburi, nikamsindikiza hadi mlangoni. Ufafanuzi wa Wagalatia ulikuwa nyuma yangu, hatua mbili tu. Ni kweli uko kwa Kiingereza, lakini ningeweza kukaa naye na kumfafanulia ukurasa kwa ukurasa. Baadaye alihamia kwa mwanawe, mbali, na sikuwahi kufanya hivyo.

Ufunguo ule sasa uko kwa mzee wa kanisa, pamoja na daftari la kuazimia. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya ibada, tunabaki nusu saa. Kila mmoja anasema anasoma nini, iwe Biblia, Katekisimo Ndogo au kitabu cha mjukuu wake cha shule, na wapi pamemgusa au pamemsumbua. Asiyeweza kusoma anasomewa, kama Antonio. Asiyeelewa anauliza, kama yule towashi Mkushi alivyomuuliza Filipo garini. Mafundisho yakipinda, tunayapima kwa Neno pamoja, jambo ambalo ni gumu kwa mtu anayesoma peke yake.

Vitabu viwili havijarudi mpaka leo. Kimoja kina jina la mtu aliyekiazima, na nasikia amemwazima jirani yake. Nimemwambia mzee wa kanisa asikidai.