Televisheni imechomolewa, shoti inatoka wapi? Hesabu ya nishati ndani ya kapasita

Fundi amechomoa televisheni kwenye soketi, amefungua kifuniko cha nyuma, kidole kikagusa ubao wa ndani, na shoti ikamrusha mkono. Umeme huo mara nyingi hutoka kwenye kapasita, kile kifaa chenye umbo la kopo dogo kilichosimama karibu na mahali waya wa umeme unapoingilia. Kapasita hutunza chaji, na haijui kwamba umechomoa waya.

Wanafunzi wa sekondari hukutana na kifaa hikihiki kwenye mtihani wa fizikia. Kanuni yake ni fupi:

E = ½ × C × V × V

E ni nishati kwa jouli, C ni uwezo wa kapasita kwa faradi, V ni volti.

Hiyo nusu huwasumbua wengi. Fikiria unapanga viroba vya mahindi ghalani. Cha kwanza unakiweka chini bila taabu, cha mwisho unakiinua hadi juu kabisa. Kwa wastani, kila kiroba umekiinua nusu ya kimo cha rundo. Chaji nayo huingia hivyo: ya kwanza hukuta kapasita tupu, ya mwisho husukumwa dhidi ya volti zote.

Sasa tuchukue kapasita ya televisheni yetu. Ubavuni imeandikwa mikrofaradi 100, volti 400. Angalia mtego hapo: 400 ni kikomo inachoweza kuhimili, si volti zilizomo. Umeme wa nyumbani wa volti 230 hupanda na kushuka, na kilele chake ni 230 × 1.414, yaani karibu volti 325. Kapasita hujazwa hadi kwenye kilele hicho.

Kabla ya kuzidisha, geuza mikrofaradi kuwa faradi kwa kugawanya kwa 1,000,000. Mikrofaradi 100 ni faradi 0.0001. Hapa ndipo alama nyingi hupotea.

E = ½ × 0.0001 × 325 × 325 = jouli 5.28

Nishati hiyo inatosha kuinua kilo moja ya sukari zaidi ya nusu mita. Ni kidogo, lakini kapasita inaweza kuitoa yote kwa kufumba na kufumbua, na ikipita kifuani inaweza kuleta madhara makubwa.

Kapasita hiyohiyo ukiiunganisha na betri ya sola ya volti 12, inabeba jouli 0.0072 tu. Volti 325 ni kama mara 27 ya volti 12, lakini nishati imeongezeka zaidi ya mara 700, kwa sababu volti zinazidishwa kwa zenyewe. Ukiongeza volti mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Zikishuka nusu, inabaki robo. Lakini robo hiyo isikudanganye: nusu ya 325 bado ni zaidi ya volti 160.

Swali la pili la mtihani huwa ni muda wa kuisha chaji. Zidisha ukinzani kwa uwezo wa kapasita. Rezista ya omu 10,000 ikiunganishwa kwenye miguu miwili ya kapasita yetu: 10,000 × 0.0001 = sekunde 1. Muda huo ukipita mara tano, yaani sekunde 5, volti 325 zimeshuka hadi karibu 2.

Mafundi wazuri hufanya hivyohivyo kwa rezista yenye waya zilizofunikwa, kisha hupima kwa mita kabla ya kugusa. Wapo wanaogusisha bisibisi kwenye miguu yote miwili. Hiyo hutoa cheche kali, huharibu ubao, na chuma kilichoyeyuka kinaweza kuruka machoni. Kama huna mita wala rezista, usifungue kifuniko. Mpelekee fundi anayevitumia.