Urithi wa Damu na Deni Lake

Wazee wetu walisema kuwa mwana wa nyoka ni nyoka. Methali hii yatuonya juu ya tabia, lakini mara nyingi imetumiwa kuhukumu ukoo mzima. Historia ya ugonjwa wa selimundu yafundisha kuwa damu ya mtu haihukumiwi kwa wepesi hivyo.

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alieleza habari za mwanafunzi mmoja kutoka kisiwa cha Grenada, ambaye chembe nyekundu za damu yake zilipindana mfano wa mundu. Ndipo ugonjwa huo ulipoingia katika vitabu vya tiba; lakini Afrika wazazi walikuwa wamekwisha kuzika watoto kwa sababu yake vizazi vingi kabla ya hapo. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walidhihirisha kuwa asili ya maradhi haya ni kasoro ya himoglobini, kitu kichukuacho oksijeni katika damu. Mwaka huo huo njia ya kurithiwa kwake ilibainishwa: aliyeipokea kasoro kwa mzazi mmoja kwa kawaida huishi na afya, aliyeipokea kwa wote wawili huugua.

Basi, ikiwa kasoro hii huua watoto, mbona haikutoweka duniani? Jibu lilipatikana Afrika ya Mashariki. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wenye kasoro walizidi 20 katika 100. Nyanda za juu, penye malaria haba, hawakufika mmoja katika 100. Kisha akawatia malaria wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea. Katika 15 wasio na kasoro, vijidudu vilionekana kwa 14. Katika 15 walio nayo, kwa 2 tu. Mwaka 1954 alitangaza matokeo. Kilichoitwa kasoro kilikuwa ngao pia, ila gharama ya ngao hiyo hulipwa na watoto wanaoirithi pande zote mbili.

Elimu hii ingetosha kuondoa dharau, lakini haikuiondoa. Mwaka 1968 Pauling yule yule alipendekeza kila kijana mwenye kasoro achorwe alama isiyofutika katika kipaji cha uso, ili wawili wenye alama wasioane. Nia yake ilikuwa kupunguza mateso. Hata hivyo, alama ya usoni haisomwi na mchumba peke yake. Husomwa na mwajiri, na jirani, na mtawala. Hapana mtu apaswaye kufanywa tangazo la damu yake.

Mwishoni mwa 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha Casgevy, tiba inayobadili jeni katika chembe za uboho za mgonjwa mwenyewe, ili atengeneze tena himoglobini aliyokuwa nayo tumboni mwa mama. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Na watoto walio wengi wazaliwao na ugonjwa huu huzaliwa Afrika, kusini mwa Sahara.

Jina la Allison lasomwa vitabuni. Wale 30 hutajwa kwa hesabu tu. Elimu iliyochotwa katika damu ya watu haifai kuwarudia kwa bei wasiyoweza kuilipa. Urithi wa damu hakuna aliyeuchagua. Ugawaji wa dawa huchaguliwa na wanadamu, na kwa huo watahukumiwa.